Kiti cha Bi Chelewa

Mashine haisitisiti. Ukiiachia kiti chako kwenye mchezo wa vigae wa mahjong mtandaoni, inachukua kigae, inatupa kigae, imemaliza kabla hujapepesa jicho. Hilo nalijua kuliko wengi, na anayebisha aje tucheze, atarudi kwao kimya kimya. Kwa hiyo Jumanne ile, saa kumi alasiri, kiti cha marehemu kilipochukua kigae kisha kikatulia, fundi miwani alidhani mtandao umekatika. Akahesabu moja, mbili, mpaka tisa. Ilipofika kumi, kigae kikashuka mezani polepole, kama kilichosukumwa na kidole.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akicheza mkewe.

Mama yule alikuwa mpiga pasi, maneno mengi, zamu ndefu, hata wakambatiza Bi Chelewa. Mahjong inataka watu wanne, nao walikuwa wanne barabara: yeye, fundi, binti yao aliyeolewa nchi ya mbali, na mkwe. Kila alasiri wateja wakipungua, wanakutana kwenye simu. Bi Chelewa akiangukiwa na kiti cha mashariki, kile cha kuanza, hatupi kigae mpaka asimulie mchezo ulikotoka. Kwamba kwao ni Uchina, kwamba ulitokana na karata za zamani, na jina lake ni la shomoro, kwa kuwa vigae vikivurugwa hulia kama shomoro wanaogombana juu ya bati. Siku moja mkwe alileta ujuaji kwamba amesoma mahali kuwa hata Nabii Nuhu aliucheza ndani ya safina. Bi Chelewa akamuuliza, "Mkwe wangu, kwani wewe ulipanda kama mnyama gani?"

Alipofariki, wakafanya kosa ambalo adui hakufanyii, ni mapenzi tu. Mgeni hawakumtaka. Simu ya marehemu ikaachwa kwenye chaji kando ya meza ya pasi, jina lake likabaki pale pale mchezoni, na mashine ikaamriwa imchezee. Fundi alisema jina tu linamtosha.

Basi baada ya Jumanne ile, kiti kikaendelea kuchelewa. Binti akalia kwa furaha huko aliko. Wiki ya pili kiti kikaanza kung'ang'ania kigae chenye picha ya ndege mpaka mwisho, hata kama kinakiharibia mchezo, tabia ya Bi Chelewa mtupu. Chumba cha pasi nacho kikaanza kunuka pasi ya moto juu ya nguo mbichi. Fundi akaenda kuigusa pasi, akaikuta baridi kama sahani kabatini. Hakuogopa. Alifungua duka asubuhi akitabasamu, majirani wakanong'onezana kwamba mjane wetu amepata wa kumfariji.

Aliyeanza kuogopa ni binti. Alimwuliza baba yake kama anakumbuka walivyokuwa wakimtania mama kwa kuchelewa. Fundi akashangaa, akasema mama yako alikuwa mwepesi, jina lile sijui lilitoka wapi. Binti akadhani ni uzee. Wiki iliyofuata simu ya kando ya meza ya pasi ikakohoa, kikohozi kile kidogo cha Bi Chelewa anapokaribia kushinda, na fundi alipoulizwa akaapa kwamba mkewe hakuwahi kukohoa hivyo. Mtu atajuaje alichosahau? Aliyekichukua ndiye anajua.

Ndipo binti akamwomba asimulie mchezo ulikotoka, kama mama alivyokuwa akisimulia. Fundi akafungua mdomo na ukabaki wazi, akitafuta neno la kwanza kama mtu anayepapasa swichi kwenye ukuta usio wake, jua la alasiri likiwaka kwenye vioo vya miwani ya wateja ukutani, harufu ya nguo mbichi ikizidi, vigae vikianza kujivuruga vyenyewe kwenye simu zote nne, huku kwake na kule kwa watoto, kwa mlio wa shomoro wengi mno kwa paa moja, mpaka kwenye kisanduku cha ujumbe, chini ya jina la marehemu, maneno yakaanza kujiandika, herufi baada ya herufi, kwamba kwao ni Uchina, kwamba ulitokana na karata, kwamba jina ni la shomoro. Kisha yakaongezeka ambayo Bi Chelewa hakuwahi kuyasema.

*Na mimi je, mnajua nilikotoka?*

"Baba," binti akanong'ona, "hicho kiti kinamjua mama kuliko wewe."

Wakamtafuta mkunga mmoja mstaafu ambaye, baada ya kuacha kutoa watoto, alihamia kutoa majini. Akaja mchana, akavua viatu, akainusa ile simu.

"Mmeweka kiti, mkakipa jina, mkakiita kila siku saa ile ile," akasema. "Mlitaka aje nani?"

Alieleza kwamba jini huyu hana sura. Huvaa unachomkumbukia marehemu wako, na akishavaa, wewe huna tena. Fundi akauliza kama alivyochukua vitarudi.

"Kumtoa nitamtoa. Alichokula kimeliwa. Umebakiwa na nini?"

Fundi akafikiri sana. "Uso. Na sauti, nadhani."

"Basi usingoje kesho."

Dawa ilikuwa moja: mtu mwenye pumzi akalie kile kiti. Mkunga akasoma ya kusoma. Fundi akaishika simu ya mkewe, akaiondoa mashine, akacheza kwa mkono wake mwenyewe, kigae kwa kigae, watoto wakicheza upande wa pili. Mzunguko ulipokwisha, ikabaki kulifuta jina. Kidole kikiwa hewani, simu ikasema kwa upole, "Mzee wangu. Kweli unanifukuza?"

"Baba, usifute," binti akalia. "Ni yeye. Ni mama kabisa, baba, mwache."

Mimi nimeona waume wengi, na nawaambia hakuna ambaye angeweza. Sauti ile ilikuwa imemwamsha kwa miaka thelathini na moja. Lakini fundi aliisikiliza, akamtazama mkunga, na usoni hakuwa na lolote.

"Huyu mwanamke ni nani?" akauliza. Akafuta.

Harufu ikakatika. Simu ikawa simu.

Hawachezi tena. Ikifika saa kumi binti hupiga, na humsimulia baba yake habari za mama: alivyotembea, alivyokasirika, alivyokunja shati la mteja huku akiimba. Fundi husikiliza kwa adabu, picha ya mkewe ikiwa mkononi, na mara nyingine huuliza swali. Juzi aliuliza alikuwa akichekaje. Binti akajaribu kukiiga kile kicheko, kikamkatikia katikati, akabaki analia.

Fundi akangoja mpaka atulie.

"Pole sana, mwanangu," akamwambia. "Inaonekana alikuwa mtu mwema."