Badili Bega

Haya yalimpata rafiki yangu Ndalahwa, aliyebeba machela vitani Burma. Mwaka wa hamsini na tano, yeye na jirani yake Mhoja walikuwa wanapeleka kitanda mjini kutoka Mkolani, wamekibeba mabegani, Ndalahwa mbele, Mhoja nyuma. Njia ilikuwa tope tupu. Wingu zito la ziwani likafunga, mchana ukawa giza. Nyuma yake Ndalahwa alisikia nyayo tu, chwa, chwa.

"Badili bega, Ndala."

Akabadili bila kufikiri, kama alipokuwa akiambiwa na Kashindye, mwenzake wa machela, waliyemzika hukohuko Burma.

Mjini wakatua. Ndipo Mhoja akatokea kwa mbali, anachechemea.

"Niliteguka kule mtoni, nikakuita weee! Umekiburuta peke yako?"

Ndalahwa akainama. Miguu ya nyuma ya kitanda haikuwa na tope hata chembe.