Betri za Mashine Namba Tatu

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi moto ulizuka katika stoo ya kiwanda cha betri, ukamuua mzee wa stoo. Mpelelezi alipofika, watu walikuwa wameshampata muuaji. Tena walikuwa nao wawili. Wa kwanza ni fundi umeme aliyefukuzwa kazi juzi mchana, ambaye mlinzi alimwona getini alfajiri. Wa pili ni dada wa mashine namba tatu, kwa kuwa betri zake ndizo zilizowaka zikiwa kwenye chaji. Marehemu alikuwa mjomba wake, lakini hakuna aliyempa pole.

Mpelelezi alimpa dada huyo betri ya jana isiyochajiwa, aifungue. Ndani mlikuwa na karatasi mbili ndefu za chuma zilizosokotwa pamoja kama mkeka uliokunjwa, zikitenganishwa na utando mwembamba.

"Zikigusana?"

"Ndo moto huo, afande." Kidole chake kikasita kwenye ulimi wa chuma unaotoa umeme nje. "Hapa huwa pana utepe wa buluu, unafunika makali. Betri ikichajiwa msokoto unavimba, makali yanachana utando. Mbona haupo?"

"Si wewe uliyesokota?"

"Utepe inabandika mashine. Ukikosekana, jicho lake linaona, inasimama. Jana haikusimama hata mara moja. Afande, nimemuua mjomba?"

Mpelelezi alifungua betri ya juzi asubuhi. Utepe ulikuwapo.

Saa sita alimhoji fundi umeme. "Alfajiri ulifuata nini?"

"Kumwonya mzee asizichaji betri za jana. Juzi msimamizi alitaka nilipofushe jicho la namba tatu. Nikakataa, akaninyang'anya ufunguo palepale. Leo mlinzi kanirudisha kama kibaka."

Funguo za kifuniko cha jicho hilo zilikuwa mbili tu. Mpelelezi aliagiza kifunguliwe mbele ya wote. Juu ya kioo cha jicho palibandikwa kipande cha utepe wa buluu. Mashine ilikuwa ikiona buluu kutwa, huku kibandikio chake cha utepe kikiwa kitupu.

"Ufunguo wa fundi ulikuwa kwako tangu juzi mchana," alimwambia msimamizi. "Na wako pia."

Msimamizi alijaribu kucheka, akashindwa. "Utepe uliisha. Mzigo ulisubiriwa jana jioni. Nikasema siku moja tu, nani atajua?"

"Mjomba amejua," dada alisema, akalia kwa sauti.

"Mzigo wa jana ulikuwa betri ngapi?" mpelelezi alimuuliza msimamizi.

"Elfu mbili. Za taa za majumbani."

Msimamizi alifungwa pingu, na haki hiyo haikumpoza mtu. Mpelelezi alimpigia simu mnunuzi wa mzigo huo, akaweka spika. Upande wa pili palikuwa na kelele za wateja.

"Usiuze hata moja!" alifoka. "Zirudishe zote!"

"Nirudishe zipi, ndugu yangu?" mnunuzi alijibu kwa furaha. "Zimeisha tangu asubuhi. Watu wamekwenda kuzichaji."