Dagaa Wanaonuka Injini

Jamani, mimi nilikuwepo! Video ninayo kwenye simu hadi leo. Kila nikiifungua, mwili unasisimka.

Tuanze na Tabu. Tabu anaanika dagaa ufukweni, hapa Musoma. Asubuhi anawapokea kwenye boti ya Masatu. Anatandika nyavu juu ya mchanga, anawamwaga, anawageuza mpaka wakauke wawe wanalia kacha kacha.

Mume wake ni Omari, fundi wa malori. Gereji yake iko juu kidogo, ng'ambo ya barabara. Ilikuwa na sifa moja kubwa: haina vumbi. Kila Jumamosi Omari alikuwa anachukuaga oili chafu, ile iliyotolewa kwenye injini, anaimwaga uwanjani. Ardhi ikawa nyeusi, ngumu, inang'aa.

"Lami ya bure!" alikuwa anajisifuga. "Hapa hata mkeka unatandika!"

Siku moja akaja Judith, mteja wa Tabu kutoka Nyamuswa. Alifungua gunia, akamnusa dagaa mmoja, akamrudisha taratibu.

"Mama Shamsia, hawa dagaa wamelala chini ya lori?"

"Kivipi, dada yangu?"

"Wananuka injini. Safari iliyopita nilinyamaza, lakini wateja wamenirudishia. Nikikuta hivi tena, utanisamehe. Nitakuwa nanunua Kisorya."

Akapanda bodaboda, akaondoka mikono mitupu.

Tabu alibaki amesimama. Judith ndiye mnunuzi wake mkubwa. Akiondoka yeye, kazi imekufa. Akajifunga kanga kiunoni, akashuka ufukweni moja kwa moja.

"Masatu! Boti yako inanimwagia dizeli kwenye dagaa!"

"Boti yangu? Shemeji, injini yangu mpya kuliko hayo meno yako!"

"Meno yangu yameingiaje hapa?"

Wakiwa wanapigizana kelele, mvua ikashuka. Mvua kubwa! Tukakimbilia kwenye kibanda cha nyavu. Ndani tukamkuta jirani yetu Gati. Gati anafanya kazi kiwanda cha samaki, upande wa usafi wa uwanja na mifereji. Alikuwa anasikiliza huku anacheka.

"Mama Shamsia, harufu inakujaga siku zipi?"

Tabu akafikiri. "Mvua ikishanyesha. Mchanga ukikauka juu, natandika nyavu."

"Basi iache boti ya watu. Tuyafuate maji."

"Kwenye mvua hii?"

"Sasa hivi ndiyo yanasema ukweli."

Tukatoka. Wee! Maji yaliyokuwa yanashuka kwenye mchanga yalikuwa na rangi. Kijani, zambarau, dhahabu, zinacheza, zinajikunja! Nikatoa simu nikarekodi. Nilidhani ni maajabu ya Mungu.

"Ni mazuri eh?" akasema Gati. "Hayo ni mafuta."

Tukapanda na mtaro. Tukapita nyuma ya duka, tukapita kwenye kalavati, tukavuka barabara. Kila tukipanda, rangi zinapungua na maji yanazidi kuwa meusi. Tabu alikuwa mbele, kanga kichwani. Ghafla akasimama.

Tulikuwa getini kwa mume wake.

Maji meusi yalikuwa yanatoka chini ya geti. Omari akachungulia.

"Mke wangu! Umenijia na jeshi zima?"

"Baba Shamsia," Tabu akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "dagaa wangu unawaharibu wewe."

"Mimi? Oili yangu si inakauka pale pale?"

Gati hakubishana. Akaomba beseni kubwa la maji safi. Akachovya kijiti kwenye oili chafu, akadondosha tone. Tone moja tu! Lile tone likatawanyika, likakimbia, likafika ukingo hadi ukingo. Beseni zima likavaa rangi.

Omari akalizunguka lile beseni kama mtu aliyeona nyoka.

"Tone moja?" akauliza.

"Moja. Wewe unamwagaga ndoo. Haikauki, inasubiri mvua. Na ndani yake kuna vyuma vilivyosagika kwenye injini. Vinaingia mchangani, vinaingia ziwani. Na ziwa ndilo tunakunywa."

"Masatu, nisamehe kaka," akasema Tabu.

"Na injini yangu uiombe msamaha," Masatu akajibu.

Kazi ikaanza. Udongo mweusi wakauchimba, wakaufungia kwenye mapipa, kwa sababu kuutupa bondeni ni kuhamisha tatizo tu. Uwanjani wakamwaga kokoto. Mapipa yote ya oili yakaingia chini ya bati, kila moja juu ya sinia pana la chuma, likivuja, oili idakwe. Oili na udongo ule vikachukuliwa na mkusanyaji wa oili chafu mwenye kibali. Oili ikimwagika, siku hizi wanaifunika na maranda ya mbao na kufagia. Hawaoshi na maji kuelekea mtaroni.

Upande wa juu wa uwanja wakachimba mfereji, ili maji ya mlimani yapite pembeni bila kugusa gereji. Na karibu na geti wakajenga shimo la saruji lenye bomba linalonyonya maji kutoka chini.

"Umeona mchuzi ukitulia?" Gati akamwelekeza Omari. "Mafuta yanakaa juu. Humu hivyo hivyo. Juu unaengua oili, chini yanatoka maji. Ila ulikague kila mara."

Mvua iliyofuata, tulikuwa ufukweni wote. Omari alikuwa amechuchumaa kwenye mdomo wa mtaro, amelowa chapachapa, hataki hata mwavuli.

Maji yakaja. Nikasogeza simu karibu. Kijani hakuna. Zambarau hakuna. Kulikuwa na jani moja linaelea, na chini yake...

"Mawe!" Omari akapiga kelele. "Mama Shamsia, mawe yanaonekana!"

Dagaa walioanikwa baada ya mvua ile walipokauka, Judith akaja. Akafungua gunia, akamnusa mmoja muda mrefu. Tabu alikuwa ameshika pindo la kanga. Judith akamtia dagaa mdomoni. Kacha. Akachukua mwingine. Kacha.

"Dada, sema basi!" Tabu akashindwa kuvumilia.

Judith akamgeukia dereva wake wa bodaboda. "Leta kamba," akasema, "tufunge magunia yote."