Kengele ya Boya

Rafiki yangu, mtu asiyejua kutunga uongo, alikwenda forodhani kuomba kengele ya boya, ile ya kuonya meli kwenye mwamba. Ilizuiwa ghalani miezi minne kwa sababu waliiandikia ushuru wa ala za muziki. Muziki, jamani! Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umetanda, na meli ya baba yake ilikuwa inakaribia.

"Kaka, nakusihi, baba yangu yumo!"

"Dada, bila stakabadhi hata machozi hayapiti," afisa akacheka.

Ndipo kengele ikalia kule ndani, kwenye giza la ghala, polepole, kama inayoyumbishwa na mawimbi. Afisa akaenda kuvunja lakiri ya kasha lililoihifadhi. Kengele ilikuwa imefungwa kamba, ulimi wake umeviringishwa matambara. Matambara yalikuwa yanachuruzika maji ya chumvi.