Chumba Kisichowashwa Taa

Sokoni, katikati ya msongamano, mshona nguo mmoja aliyevaa gauni la njano alimsikia mwanamume wa shati jeupe akibembeleza auziwe chungwa lililooza.

"Kaka, mazuri huyaoni?" alimtania.

"Hili lina kuvu nzuri sana, dada. Mimi ni mtafiti wa kuvu."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Wakapeana namba, na haukupita muda alikuwa akimwita "Bwana Uozo wangu", naye akiitwa malkia.

Husemwa penzi ni kipofu. La mshona nguo huyu lilikuwa na masikio marefu. Kila alasiri simu ya mpenzi wake iliita bila kupokewa, na akiuliza huambiwa, "Kazi tu, malkia." Kisha siku moja akamsikia akimnong'oneza mtu kwenye simu, "Usiwashe taa, na asiingie mtu mpaka nifike." Wivu ukampanda kichwani. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia. Kazi gani hiyo ya gizani?

Kesho yake alivaa gauni jekundu, akajipulizia manukato, akaenda maabara. Mlango wa mwisho ulikuwa umezibwa kwa kitambaa cheusi. Akausukuma, akawasha taa.

"Yuko wapi?"

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na rafu za visahani vya kuvu, na mpenzi wake amejishika kichwa.

"Zima!"

Akazima.

"Kuvu hii ikikua gizani, jeni yake moja huiamuru itengeneze dawa," alisema mtafiti kwa unyonge. "Ikipata mwanga, jeni hiyo inanyamaza. Kuvu inaacha dawa, inazaa mbegu tu. Ndiyo maana hata msaidizi wangu namkataza kuwasha taa. Kazi yangu yote imekwenda na maji."

"Nisamehe, mpenzi. Lakini mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanicheka, kama siku ile ya chungwa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angetukanwa.

"Kesho naanza upya," mtafiti akasema. "Njoo unisaidie."

Akaja. Simu ziliachwa nje, maana nazo hutoa mwanga. Walikuwa wakipanga visahani kwa kupapasa, simu ya mtafiti ikaita nje ya mlango, ikakatika, ikaita tena.

"Nani huyo?"

"Mama. Anataka jibu."

"Jibu gani?"

"Lako. Nilimwambia leo nitakuomba tuoane."

Mshona nguo alikurupuka, akashika kitasa. Akakumbuka mwanga. Akarudi taratibu, akamtafuta gizani mpaka akampata.

"Mwache apige. Tukitoka nitapokea mwenyewe, nimwambie ndiyo. Na ole wako kama si mama."