Ufa wa Chumba cha Wazazi

Mfagizi wa zahanati alifungua chumba kipya cha kujifungulia saa moja asubuhi, ndoo mkononi, akamkuta mwanamume amelala juu ya vigae ambavyo hakuna mgonjwa aliyewahi kuvikanyaga. Akamsalimu. Hakuitikiwa. Akamgusa bega, na mayowe yake yakasikika mpaka kituo cha polisi, ng'ambo ya barabara.

Inspekta alifika kabla chai yake haijapoa. Kando ya maiti ilikuwa imeanguka ngazi ya mafundi. Koplo, ambaye mdomo wake ulizoea kuitangulia akili yake, alishaifunga kesi.

"Ameteleza, afande. Ngazi, kisogo, sakafu. Kwisha kazi."

"Unamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu? Mkaguzi wa ofisi ya maafa. Bwana Rudi Kesho."

Inspekta naye alikuwa amemtambua. Kwa miaka mingi mtu huyu mrefu, mkimya, aliwarudishia watu majalada yao: muhuri haupo, nakala haitoshi, rudi kesho. Kisha ikapitishwa sheria ya kurahisisha misaada ya serikali kwa kazi ndogo za ukarabati baada ya maafa, na watu wakatania kwamba sasa bwana yule atakosa cha kurudisha. Chumba hiki kilijengwa kwa sheria hiyo, miezi minne tu baada ya mafuriko.

Inspekta alipiga magoti, akatazama kwa muda mrefu. Marehemu alilala kwa ubavu wa kushoto. Goti la juu lilikuwa limekunjwa, kiganja kimewekwa chini ya shavu, kidevu kimeinuliwa kidogo.

"Koplo, wewe ukianguka kutoka kwenye ngazi, utakumbuka kujiwekea mkono chini ya shavu?"

Koplo akainama, akautazama tena ule mkono.

Daktari wa polisi hakuchukua muda. "Kapigwa mara moja, kisogoni. Kitu cha chuma, kizito, chenye ukingo wa mviringo. Jana, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Halafu tazama hapa." Kwa kibano akachomoa uzi mweupe kwenye jeraha. "Shashi. Kuna mtu aliikandamiza kuzuia damu, kisha akaiondoa."

"Yaani muuaji anauma na kupuliza," Koplo alisema.

Lilikuwa jambo la kwanza la maana kumtoka asubuhi ile, na Inspekta alitamani asingelisema. Mlalo ule aliujua. Ndivyo manesi wanavyomlaza mtu aliyepoteza fahamu ili ulimi usimzibe koo. Zahanati nzima ilikuwa na manesi wawili. Mmoja alikuwa msibani kwao tangu wiki iliyopita. Wa pili alikuwa nesi mkuu, Mama Wote, aliyempokea kitinda mimba wa Inspekta mwenyewe.

Kwa hiyo alianza na fundi aliyejenga chumba kile, kwa kuwa alitamani sana muuaji awe yeye.

"Uligombana na marehemu?"

"Mimi? Nigombane naye kwa lipi? Jana kaniuliza swali moja tu. Ufa wa chumba cha zamani ni wa lini."

"Chumba kipi?"

"Hicho wanacholala wazazi, hapo pembeni. Kimeungana na hiki nilichojenga upya. Ufa ulipita kote kuwili. Nikamwambia ukweli, afande. Nimeuziba kwa saruji miaka sita, mafuriko hata hatujayaota."

"Kwenye fomu ya msaada iliandikwa nini?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Mama aliandika kwamba ukuta umepasuliwa na mafuriko. Wewe ungeandikaje?"

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Nilimwacha na Mama humuhumu, kwenye ukuta wa pamoja ambako ufa bado unaonekana. Yeye anapiga picha ufa, Mama amesimama nyuma yake."

Katika stoo kulikuwa na stendi tano za kutundikia dripu. Nne zilikuwa na vumbi. Ya tano iling'aa na kunuka sabuni. Wataalamu wa uchunguzi walipoinyunyizia dawa yao na kufunika dirisha, kitako chake cha chuma kilitoa mwanga wa buluu. Damu. Koplo alitoka nje bila kuambiwa, akaketi kwenye kizingiti kama mtu aliyefiwa. Na yeye alizaliwa hapohapo.

Saa sita mchana Inspekta alikuwa mbele ya meza ya mkuu wa ofisi ya maafa.

"Mkaguzi wako alikwenda kumkamata mtu kwa udanganyifu?"

"Udanganyifu gani?"

"Ufa ulikuwepo kabla ya mafuriko. Kwenye fomu imeandikwa vingine."

Mkuu alivua miwani. "Inspekta, maji yalifika pale, au hayakufika?"

"Yalifika. Mpaka madirishani."

"Basi. Sheria mpya iko wazi. Kazi ndogo: fomu moja, makadirio, picha ya kabla na picha ya baada. Hatuulizi ufa ulizaliwa lini. Kazi ikiisha jalada linafungwa, na hakuna anayerudishwa nyuma. Aliyeipigania sheria hii katika ofisi hii ni yeye. Alisema amechoka kuitwa lile jina."

"Sasa jana alifuata nini?"

Mkuu akageuza kompyuta ili Inspekta aone. Ilikuwa fomu aliyotumiwa na marehemu saa kumi na robo jioni, pamoja na ujumbe mfupi: chumba cha pili kimesahauliwa, muda wa maombi unakwisha wiki hii, nawajazia mwenyewe, picha zinafuata.

Picha hazikufuata.

Inspekta alisoma mara mbili. Akakaa kwenye kiti ambacho hakuwa amekaribishwa. Miaka kumi na tisa ya upelelezi, hakuwahi kuomba kwamba asifike mwisho wa kesi.

Alimkuta Mama Wote katika chumba kidogo cha ofisi, mlango wazi kuelekea wodi ya zamani, akikunja nepi. Wazazi sita walikuwa vitandani, ufa mweusi ukipita juu ya vichwa vyao kutoka dari hadi sakafu.

"Karibu, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mama. Jana saa kumi na nusu ulikuwa na nani?"

"Si unajua."

"Nataka unieleze wewe."

Mikono ya nesi haikuacha kukunja. "Ulijuaje?"

"Ulimlaza ubavu."

"Nilimlaza ubavu," mama yule alirudia taratibu, kama anayesikia habari za mtu mwingine. "Mkono ulimpiga, na mkono huohuo ukaanza kumtibu. Nilikandamiza jeraha dakika ishirini. Nilimwita. Nimewarudisha wengi, mwanangu, huyu akakataa kurudi. Ndipo nikaogopa, nikaleta ngazi."

"Kwa nini, Mama?"

"Miaka minane niliomba chumba kile. Mara tatu alirudisha maombi yangu. Siku barua ya tatu ilipofika nilikuwa na mzazi koridoni, sakafuni, damu haikatiki. Tulimzika Ijumaa pamoja na mwanawe." Alichukua nepi nyingine. "Mafuriko yalipokuja, nikasema hata balaa lina heri yake. Nikaandika uongo mmoja. Mmoja tu! Jana akaja, hajacheka, hajakaa, anauliza ufa ni wa lini. Nikamsihi. Akasema, 'Huu ni wa zamani, na nimeshauandika hivyohivyo.' Akanigeuzia mgongo, akainua simu apige picha. Nikawaona akilini wazazi wanarudi kujifungulia koridoni. Stendi ilikuwa hapo."

"Hakukwambia zaidi?"

"Yule? Maneno yake yalikuwa ya kuhesabu." Akainua macho. "Alikuwa anamwandikia nani? Polisi?"

Inspekta angeweza kunyamaza. Ungamo alikuwa nalo, kielelezo alikuwa nacho. Lakini mahakamani Mama angesomewa fomu ile mbele ya watu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaifunua nakala ya fomu juu ya nepi.

Mama Wote alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwombaji: nesi mkuu wa zahanati. Kazi: kujenga upya chumba cha kulaza wazazi. Maelezo: ukuta una ufa wa zamani, mafuriko yameuongeza. Ni hatari kwa wazazi na watoto. Maoni ya mkaguzi: ikubaliwe bila kucheleweshwa.

"Hiki... chumba hiki?"

"Hiki, Mama."

"Na ule uongo wangu?"

"Haukuwa kosa. Usingedaiwa kitu. Jalada lilishafungwa."

Kidole kilibaki kwenye neno la mwisho. Alipiga yowe ambalo Inspekta hakuwahi kulisikia kwa mfiwa wala kwa mzazi, akaanguka juu ya nepi zake, na Koplo mlangoni akasahau pingu alizoshika.

Wodini wazazi walishtuka, wakakaa vitandani, watoto wakaanza kulia. Nao wakafanya kama walivyozoea kila walipoogopa. Wakaanza kumwita.

"Nesi! Mama! Njoo, kuna nini huko?"