Sanduku Ng'ambo ya Daraja

"We kaka, unamfungia nani njia?"

Hamisa alitoka mbio, unga wa maandazi mikononi. Mgeni asiyemjua, buti zimejaa tope, alikuwa anafunga kamba ya plastiki ya njano na nyekundu pande zote mbili za daraja la mbao mbele ya nyumba yao, huku Kibuta.

"Naitwa Ipyana, dada. Nimetumwa na ofisi ya wilaya. Asipite mtu mpaka tulitengeneze."

"Leo? Leo naletewa sanduku langu la harusi! Hukupata siku nyingine ya kuja kutuonyesha buti zako?"

Ipyana alilala kifudifudi ukingoni, akanyoosha kidole. Hamisa naye akainama kuchungulia. Nguzo ya katikati ilikuwa inaning'inia. Mvua imekula udongo wote, nguzo haigusi chini.

Watoto wa shule walikuwa wamepita pale asubuhi ile ile. Hasira zikamwisha.

"Nakwenda Kisarawe mjini kuchukua mbao za kuziba njia," Ipyana alisema. "Nikigeuka tu, watu watakata kamba. Nisaidie. Asipite mtu mpaka nirudi."

"Hapiti mtu. Nakuahidi."

Akamwandikia Amiri, mchumba wake wa Kibaha: "Mpenzi, daraja ni bovu, limefungwa. Zungukeni barabara kubwa."

Jibu likaja: "Hahaa! Limefungwa na nani, ngedere? Tunakuja."

Wakaja kweli. Vigelegele vilitangulia. Ng'ambo ya mto wakatokea Amiri na kanzu iliyonyooshwa pasi, mama yake Bi Mwanajuma, na shangazi yake Bi Biubwa, sanduku la bibi harusi kichwani kama ilivyo ada. Nyuma yao wanawake wanaimba.

"Hamisa, toa hiyo takataka tupite," Amiri alisema.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Daraja bovu, jamani. Zungukeni."

Bi Mwanajuma alifyonza. "Kule tutatokea jikoni kwenu. Sanduku la mwanangu liingilie jikoni kama kapu la mihogo?"

"Nitawatandikia mikeka, mama, mpaka barabarani."

"Mikeka! Sikieni wenyewe. Kibaha wasichana wamejaa, mwanangu akaja kuokota huku."

Wanawake wakacheka. Hamisa alimtazama Amiri, akingoja neno moja tu la kumtetea. Amiri alikuwa anapangusa vumbi kwenye kanzu.

"Mumeo ni mimi au huyo mfunga kamba?" akauliza. "Tukigeuka hapa, hatugeuki tena."

Mama yake Hamisa akamvuta mkono. "Wafungulie, mwanangu. Kuni za pilau zimeshapasuliwa. Majirani watatucheka."

"Wacheke, mama. Nimeahidi."

Amiri akaichana kamba ya upande wake, akaitupa mtoni. Kisha akasogea pembeni.

"Shangazi, tangulia."

"Shangazi, usikanyage!" Hamisa alipiga kelele. "Amiri, kwa nini yeye?"

"Si ana mzigo? Akivuka yeye, tutajua linabeba."

Nyimbo zikakatika. Bi Biubwa alimgeukia taratibu.

"Kumbe mimi ndiyo kipimo?"

"Shangazi, sikuwa na maana—"

"Maana nimeiona." Alishusha sanduku, akaliweka juu ya viatu vya Amiri vinavyong'aa. "Libebe mwenyewe. Vuka."

Amiri alizitazama mbao. Akayatazama maji. Akarudi nyuma.

Hamisa alimpenda mtu huyu tangu mvua za mwaka jana. Sasa alimwona kama mtu anavyoona funza ndani ya embe aliloanza kula.

"Mwanamume mzima," alisema, "unamtanguliza shangazi akakufie!"

"Sanduku linarudi Kibaha!" Amiri alifoka. "Akuoe huyo mfunga kamba!"

Wakaondoka. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Baadaye simu ikalia. Ujumbe wa Amiri: "Mama amekubali yaishe. Tupo garini, ng'ambo hapa. Vuka uje umwangukie miguuni, Ijumaa ndoa ipo pale pale."

Mama yake Hamisa aliusoma akichungulia begani kwake. "Wewe mwepesi, mwanangu. Hatua chache tu. Nani atajua?"

Hamisa aliangalia ile kamba. Kuiinua ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Machozi yakamdondoka, akaandika: "Niliahidi asipite mtu. Mimi pia ni mtu."

Akasikia gari likiwashwa ng'ambo, likaondoka.

Jua lilikuwa linazama Ipyana aliporudi na mbao begani. Alimkuta ameketi mbele ya kamba, unga umemkaukia mikononi.

"Dada, amepita mtu?"

"Hajapita mtu," Hamisa alisema, akasimama kumshikia ubao.